Mtafsiri Aliyekaa Nyuma Yetu

Kama wewe ni wa kusikiliza visa huku unatabasamu pembeni, tabasamu kabisa sasa hivi umalize, maana mimi sitanii. Haya yalinikuta mimi na mama yangu mzazi, Jumapili mchana kweupe, hapa hapa Arusha, upande wa Themi. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimetoka kanisani.

Kuna ukumbi pale unaoonyesha filamu za zamani kwa mikanda yenyewe, ile inayozungushwa kwenye mashine mpaka unaisikia inavyokwaruza. Siku hiyo ilikuwa zamu ya filamu moja ya mauaji, nyeusi na nyeupe. Mama alipoona tangazo lake kwenye simu yangu akanishika mkono. Aliwahi kuiangalia akiwa msichana, na ilipokaribia mwisho kaka yake akaingia ukumbini, akamtoa kwa kumvuta sikio. Binti wa Kilutheri alikuwa anatafuta nini gizani? Kwa hiyo mama hakuwahi kujua muuaji ni nani. Umri wote huo! Sasa presha ya macho inamzimia taa taratibu, daktari ameshatuambia tusitegemee mengi, na kitu pekee alichotaka kukiona kabla hajashindwa kuona ni mwisho wa ile filamu. Ningekataaje?

Mama hajui Kiingereza, na changu mimi ni cha kuombea maji. Nilikuwa nimejiandaa kumnong'oneza nitakachoambulia. Lakini filamu haijafika mbali, mtu nyuma yetu akaanza kututafsiria. Mliokulia kwenye mabanda ya video mnawajua watu wa namna hiyo. Kwenye skrini mke wa tajiri anapigiwa simu na mtu asiyeongea, na huyu bwana anasema, "Haloo, haloo. Kimya. Haya, daktari huyo anatoka kwake, tuseme kule Sakina, anakuja mjini." Jamani, alikuwa mtamu! Anachomekea Kimasai kidogo, mama anajipiga mapaja kwa kicheko. Simu ikilia tena kwenye skrini, sote wawili tunashikana. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kwa raha ambayo sijawahi kuipata mbele ya televisheni.

Nilishangaa kidogo kwamba watu wengine hawacheki. Halafu nikagundua jingine: anatafsiri kabla. Anasema mume anaficha funguo, ndipo mume anaficha funguo. Nikajiambia huyu ameshaiona mara nyingi, basi.

Tukafika pale pale mama alipotolewa. Mke yuko peke yake chumbani, kitasa cha mlango kinazunguka taratibu, mama kaniminya vidole mpaka vinauma. Mkanda ukakatika.

Taa zikawashwa. Fundi wa mashine akaja mbele akaomba radhi, akasema kipande cha mwisho kimeharibika, hakionyesheki. Watu wakaguna, wakaanza kutoka. Nilimtazama mama, nikaona machozi yanamlengalenga, na mimi yangu yakawa karibu. Ndipo ile sauti ikaendelea, bila haraka.

"Sasa mlango unafunguka."

Nikageuka nimshukuru yule mtu. Niamini ninachokwambia: nyuma yetu kulikuwa na ukuta. Tulikuwa tumekaa safu ya mwisho kabisa, migongo karibu na rangi ya ukuta, na kwa utamu wa filamu nilikuwa nimesahau. Hapakuwa na nafasi hata ya paka kupita. Na sauti ilikuwa inatoka hapo hapo, pumzi yake naisikia shingoni.

"Mama, tuondoke."

Mama hakugeuka. "Kaa, mwanangu. Ni Lemburis. Aliniahidi atanimalizia."

Wewe ungekaa? Miguu yangu haikuniuliza, nilijikuta mlangoni. Kutoka pale nikamwona mama peke yake katika ukumbi mzima, taa zinawaka, ameelekeza uso kwenye skrini nyeupe isiyo na kitu. Mara anaziba mdomo kwa mkono. Mara anatikisa kichwa. Mwishowe akapiga makofi.

Alitoka anang'aa kama bibi harusi. Akaniambia Lemburis ndiye aliyekuwa mtafsiri wa ukumbini enzi zao, akisimama kando ya skrini. Siku ile mama anavutwa sikio, Lemburis alimwambia mbele ya watu wote, "Dada, nenda tu, nitakumalizia." Akafa kabla hawajaonana tena. Amezikwa Nduruma, na mimi nilikuwa sijazaliwa.

Leo mama anaona vivuli tu, lakini hajawahi kuwa na furaha hivi. Nikimuuliza muuaji ni nani, anacheka, anasema amekatazwa kunitajia.

"Kwa nini, mama?"

"Alikuona unatoka. Kasema usijali, na wewe atakumalizia."

Tangu siku hiyo, umeme ukikatika nyumbani nakaa mgongo ukutani, na bado kuna mtu nyuma yangu anasafisha koo. Naogopa. Na Mungu anisamehe, natamani kujua muuaji ni yule daktari wa filamu au ni mume.

Basi nawe siku ukimsikia mtu anakutafsiria gizani, angalia nyuma yako kabla hujacheka. Ukishacheka, usitoke. Kaa mpaka amalize, hapo hapo, ukiwa bado na watu, asije akakufuata nyumbani.