Nyimbo za Lusangi na Mishale ya Mariamu

Siku yangu ya kwanza kwenye redio ya Kasongo, mkuu wetu, Direktere, alinikalisha mbele ya ordinatere, yaani kompyuta, na kuniambia, "Mama Feza, hapa sasa ni kwako." Kazi ilikuwa kutunza sauti: mahubiri, matangazo, nyimbo. Wimbo ukitakiwa katika vipindi vingi, niliunakili ndani ya dosye, yaani folda, ya kila kipindi. Hatukujua namna nyingine.

Halafu akaja Mariamu, ametoka masomoni Kindu. Mimi nilitumwa Kabambare kufungua studio ndogo. Yeye akapewa kiti changu. Huko nilipanda pikipiki hadi Lusangi, nikarekodi wamama wazee wakiimba kwa Kibangubangu, nikatuma nyimbo zao Kasongo zitunzwe katika dosye moja. Lakini kila jioni nilisikiliza vipindi vya Kasongo nikitafuta kosa lake. Sikulipata, na roho iliniuma.

Niliporudishwa Kasongo, nilikuta Mariamu hanakili tena nyimbo. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika ln -s, jina la fishye yenye wimbo, kisha jina jipya. Hicho ni kiungo laini: hakibebi wimbo, kinaonyesha tu mahali ulipo. Watangazaji walimwita yeye kwa kila jambo. Mimi nilibaki kukunja nyaya, nimejaa wivu.

Asubuhi moja disiki ilijaa. Direktere akaingia.

"Mariamu, futa dosye ya nyimbo za Lusangi. Si ziko pia ndani ya vipindi?"

Wengine kati ya wale waimbaji walikuwa wamekwisha kufa.

"Hapana, Direktere," Mariamu alisema. "Kule iko mishale tu. Angalia."

Aliandika ls -l, amri ya kuorodhesha yaliyomo. Baada ya kila jina palitokea mshale ulioelekea kwenye dosye yangu ya Lusangi.

"Tukifuta hii dosye, mishale itaonyesha patupu. Lakini nikiondoa mushale, wimbo unabaki."

Aliandika rm, amri ya kufuta, na jina la kiungo kimoja, bila alama ya / mwishoni, maana nayo amri ingekataa. Kiungo kikatoweka, wimbo ukalia vilevile kutoka dosyeni. Kisha akafuta nakala zangu za zamani, akaweka viungo mahali pake, na nafasi ikapatikana. Nyimbo za Lusangi akazipa jina la pili kwa ln bila -s. Hicho ni kiungo kigumu: ukifuta jina moja, sauti inabaki chini ya jina lingine.

"Mariamu, umetuokoa," Direktere alisema.

"Asante ni ya Mama Feza. Ni yeye aliendaka Lusangi kuzitafuta."

Angenyamaza, ningemchukia kwa raha. Hata sifa alikuwa nazo za kugawa.

Sasa nimestaafu. Vijana wanakuja nyumbani kujifunza amri hizi, nami nawafundisha vizuri: ls -l kwanza, rm baadaye. Wakiniuliza nani alinifundisha, nasema ni Mariamu. Sidanganyi. Ila jina hilo nalitaja haraka, kisha nawaambia waandike amri tena.