Mikorosho Tuliyoidai kwa Bwana Athumani

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikikuona umekunja ngumi kwa hasira. Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi msichana wa sekondari, nakaa kwa shangazi mjini, pale Chuno, shule zikifungwa narudi kijijini kwetu, upande wa Madimba. Mwalimu wetu wa historia, mama mmoja mpole kutoka Bukoba, alikuwa akitufundisha ukabaila wa Ulaya ya kale. Alisema mkulima wa zama zile aliishi kwenye ardhi ya bwana, akavuna kwanza shamba la bwana ndipo akavuna lake, na hata akizeekea hapo, ardhi haikuwa yake. Wenzangu wakaandika. Mimi kalamu ilinisimama mkononi, maana niliona anatusimulia sisi.

Kwetu shamba lote lilikuwa la Bwana Athumani, alilorithi kwa babu yake. Tulilima mihogo katikati ya mikorosho yake, na kwa ruhusa hiyo tukampalilia na kumwokotea korosho. Jambo moja tulikatazwa: kupanda mti. Mihogo ukishaing'oa imekwisha, lakini mwenye mti ana haki penye mti wake, na Bwana Athumani alilijua hilo vizuri. Bibi yangu Somoe alizeekea pale bila hata mkorosho mmoja wa kuuita wake.

Likizo ya mwisho wa mwaka ilinikuta nimevimba kwa hasira.

"Bibi, nakwenda kumwambia usoni kwamba yeye ni kabaila!"

Bibi alikuwa akimenya mihogo. Hakuinua hata kichwa. "Kisha?"

"Kisha ajue!"

"Atajua, halafu sisi tutarudi kuokota korosho zake. Mjukuu wangu, umeleta hasira tupu. Tunataka nini?" Hapo ndipo aliponikazia macho. "Mimi nataka kupanda mti kabla sijafa. Kaseme hilo. Na usiende peke yako."

Basi tukapita nyumba kwa nyumba. Asubuhi moja akina mama wote wa shamba wakaketi uani kwa Bwana Athumani, vikapu vitupu mapajani. Bibi akanisukuma mbele.

"Shikamoo, Bwana. Tunaomba kila nyumba ipande mikorosho yake pale inapolima. Ukikubali, tunaokota leo."

"Nisipokubali?"

"Tutakaa."

"Nitawahamisha!"

Bibi akamjibu, tena kwa heshima zote, "Tuhamishe, Bwana. Ila utuhamishe wote."

Bwana Athumani akamtuma msimamizi wake vijiji vya jirani kutafuta vibarua, nasi tukarudi kukaa chini ya mikorosho. Kila alikopita, watu walikuwa wanaokota za kwao. Korosho zikazidi kudondoka, na mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mto Ruvuma. Zikilowa zinaharibika, hilo kila mtu wa kwetu analijua. Na sisi tulikuwa na hofu yetu, kila nyumba ikijiuliza itahamia wapi na watoto. Lakini hakuna aliyenyanyua kikapu.

Mwishowe Bwana Athumani akatufuata mwenyewe pale mikoroshoni, kwa miguu, kofia mkononi.

"Pandeni," akasema. "Na mbele ya mwenyekiti wa kijiji nitalisema."

Vigelegele vilivyopigwa! Wakavamia korosho, wakaokota mpaka mvua ikawakuta wamemaliza. Bibi ndiye aliyeokota kuliko wote. Nilipomwambia apumzike, akanishangaa. "Si tumemwahidi?"

Ardhi ilipolowa tukapanda, na Bwana Athumani akalirudia neno lake mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mungu akampa bibi yangu umri. Mkorosho wake ulipozaa kwa mara ya kwanza, aliucheza kwa wimbo, mwanangu, akauzunguka kama mwali anayetolewa unyagoni, na kijiji kizima kikamwitikia.

Kwa hiyo nakuusia. Ukionewa, usiishie kumpa jina anayekuonea. Jua unachotaka, ukiseme kwa maneno machache, na uwe na wenzako. Usimvunjie mtu heshima hata unapomkatalia. Ukishapata ulichodai, timiza ulichoahidi, maana hapo ndipo watu watakapoamini neno lako.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka, akupe wenzako wasiokuacha njiani, na akupe ardhi utakayopanda ukale matunda yake wewe na wanao. Amina.