Fundo la Saa Saba

Waliomwita Fundi Pindo walikuwa na sababu: kwenye upindo wake wa suruali ungeutafuta mshono mpaka uchoke. Miaka arobaini na mmoja alikata vitambaa kwa mkono wa kulia. Kisha asubuhi moja kiharusi kikaupitia mkono huo, ukabaki ukining'inia kama wa kuazima.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimwambia aufunge ule mzima. "Ule mgonjwa ukikosa mwenzake wa kuutegea, utajifunza kazi."

Mwingine angejivisha soksi kuukuu. Fundi hakuweza. Kwa mkono wa kushoto, siku tatu nzima, alijishonea mfuko wa kuuvika mkono huo, wa kitambaa kigumu cha drili, una bitana na kamba nne, utadhani wa bwana harusi. Ukamkaa barabara. Ukishafungwa hautoki mpaka aje mtu.

Mtu huyo alikuwa jirani yake muuza vyombo, Mama Sufuria. Kila siku aliufunga saa moja asubuhi akienda sokoni, akaufungua saa saba akirudi kula.

"Ngumi hiyo leo unampiga nani, baba?"

"Wewe, ukichelewa."

"Utanifikia na mguu huo uliopooza? Haya, fanya upone. Siku utakayoufungua mfuko mwenyewe, mimi nitakuwa nakula huko huko sokoni. Jua hili linaniua."

Alikaa dakika kumi kwenye benchi la wateja, akasema ya sokoni, akaenda zake. Maneno ya siku nzima yaliishia hapo.

Zamani benchi hilo lilikuwa la kugombaniwa. Mtu alipimwa, akasubiri, akabishana mambo ya dunia. Nguo ilikuwa kisingizio tu. Siku hizi wananunua suruali zilizoshonwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, zikipwaya wanasema ndiyo mtindo. Fundi akiugua, nani ajue? Binti yake hupiga simu Jumapili. "Baba, mkono?" Kabla hajamaliza kujibu, binti anaitwa na kazi.

Basi kwa mkono mgonjwa aliokota vifungo kwenye sinia, akivitia koponi. Mwezi wa kwanza, hata kimoja. Wa pili, vya makoti. Wa tatu vikaingia vya mashati, vile vidogo vinavyoteleza, na akavitukana kwa majina yote aliyoyajua.

Siku moja saa saba ikapita, Mama Sufuria kimya. Fundi alisikia njaa. Akaitazama kamba ya kwanza. Kidole gumba na cha shahada vikaikamata ncha, vikaikosa, vikaikamata tena. Fundo likaachia. La pili likachukua muda mrefu, la tatu na la nne yakafuata. Mfuko ukaanguka mapajani, naye akabaki akiitazama mikono yake miwili, akitafuta wa kumwonyesha.

Nje kandambili zikaburuzika. Fundi akaurudisha mkono mfukoni haraka, akazizungusha kamba kifundoni kwa vidole vile vile vya kulia, akazibana ubavuni.

"Nisamehe baba, wateja walinizingira. Eh, mbona kamba zimelegea hivi?"

"Ulifunga ovyo asubuhi."

"Mimi? Ningeapa nilizikaza." Akauvua mfuko, akaketi kwenye benchi akijipepea kwa ncha ya kanga. "Basi kesho nitaongeza fundo."

"Ongeza," alisema Fundi. "Ongeza mawili."