Siku Wazee wa Matogoro Walipopiga Magoti

Mashuka yale yalikuwa ya mitumba, na moja lilikuwa na maua ya njano yaliyokataa kutoka hata nilipolichemsha. Nikalikunja ili maua yaende ndani, nikashona. Mume wangu alitaka vijana wake wavae kama Warumi wa zamani, na Warumi, alisema, hawakuvaa maua. Sikubishana. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na wiki ile nilikuwa nimechoka kiasi kwamba angeniambia Warumi walivaa magunia ningeshona magunia.

Alikuwa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki katika seminari ndogo pale Songea, na hakujua kufundisha kitu kingine. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Mwenyewe alikuwa anasema. Aliwahi kusomea upadre, akaishia njiani, akanioa, na kilichobaki mikononi mwake ni hizo lugha mbili. Na ile ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka mjini yalijaa tena, kila mwenye kibanda Mjimwema alijiita mfanyabiashara, na wazazi walianza kuuliza kijana asiyefika upadre atafanya nini na Kilatini. Walitaka uhasibu.

Baba Gambera, yaani padre mkuu wa seminari, hakumficha. Alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, akakaa, akanywa chai.

"Mwalimu, bodi inavitaka vipindi vyako iwape wa uhasibu. Nimewaomba waje kwanza kwenye mashindano. Wakiona somo lina watu, nitakuwa na la kusema. Wakikuta ukumbi mtupu, sitakuwa nalo."

Wengine baadaye walimsema vibaya. Mimi nakumbuka kwamba alituambia mapema, na kwamba chai aliinywa bila sukari kwa kuwa aliona kopo limeisha, wala hakuuliza.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kila mwaka. Vijana wanakariri hotuba za kale za Kilatini na Kigiriki, mapadre wawili wanatoa alama, mshindi anapigiwa makofi. Watu wa nje walikuwa hawaji. Ndipo mume wangu akapata wazo.

"Nitawaita wazee wa Matogoro," aliniambia. "Wale waliosali kwa Kilatini kabla Misa haijageuzwa Kiswahili. Wanakijua."

"Wanakijua, au wamekizoea?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nauliza."

"Watajaa. Bodi itaona watu."

Nilikuwa na wasiwasi, lakini mimi wasiwasi huwa ninao kwa kila jambo, kwa hiyo sikuupa uzito. Nikapika togwa.

Kweli walijaa. Walikuja na nguo za Jumapili, akina bibi na rozari zao, wakakalia mabenchi yote ya mbele. Pembeni walikaa wajumbe wa bodi, na afisa elimu mmoja wa kutoka Tunduru, Mwislamu, mtu mpole, aliyealikwa kwa ujirani mwema. Nilimwona mume wangu akiwapitia wazee kwa macho, benchi kwa benchi. Ilikuwa siku nyingi sijamwona amesimama wima namna ile.

Kigiriki kilitangulia. Kijana alikariri vizuri, nadhani. Wazee walimtazama tu. Mzee mmoja Mngoni alimgeukia jirani yake Mmatengo.

"Hiki si ndicho mnachoongea kwenu huko milimani?"

"Kingekuwa chetu ungeshakijua. Si kila siku unakuja kuomba chakula?"

Wakacheka, kijana akamaliza, makofi yakapigwa.

Kisha akaja wa Kilatini, bora kuliko wote. Hotuba yake, mume wangu alikuwa amenieleza wakati nashona, ni ya wakili wa Roma anayemshtaki mtawala aliyeiba mali ya jimbo zima. Ni hotuba ya hasira. Lakini kijana alikuwa na sauti ya kwaya, na alianza polepole, mikono ameinyoosha, shuka jeupe limemfunika mpaka miguuni.

Bibi mmoja wa benchi la kwanza, jirani yetu kabisa, akashuka taratibu akapiga magoti. Mwenzake akamfuata. Baada ya hapo lilikuwa benchi baada ya benchi, polepole, wakishikana mabega, maana sakafu ilikuwa ya saruji na magoti yale yalikuwa ya wazee. Kijana alipotua kuvuta pumzi wakamjibu kwa Kilatini, wote pamoja, majibu ya Misa, bila kukosea. Akaduwaa. Akaendelea kumshtaki mwizi wake; alipotua wakajibu tena. Wajumbe wa bodi waliangaliana, na mmoja akapiga goti moja, labda asionekane ni yeye peke yake asiyejua. Afisa elimu akasimama, akashika mikono mbele. Mimi nilikuwa karibu naye na ndoo ya togwa, akaninong'oneza:

"Mama, mngenijulisha kuna ibada ningesubiri nje. Isije ikawa nimewaharibia."

"Si ibada, mzee. Ni kesi ya wizi."

Alinitazama. Akaendelea kusimama.

Mume wangu angeweza kunyoosha mkono awaambie wakae. Kijana alikuwa anamtazama yeye, anasubiri. Hakunyoosha. Nilimuuliza baadaye, akasema utawaambiaje watu wazima wanaosali kwamba hawasali. Sidhani kama mimi ningefanya tofauti. Kijana akamaliza, ikaitikiwa amina. Ushindi mapadre walimpa wa Kigiriki, na ilikuwa haki, kwa sababu ndiye pekee aliyesikilizwa mpaka mwisho.

Jirani yetu alimfuata kijana wakati tunagawa togwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Utakuwa padre mzuri. Sijasali hivi tangu nikiwa na meno."

Kijana alinitazama mimi, kisha akasema, "Asante, bibi."

Jioni Baba Gambera alikuja tena. Safari hii hakukaa.

"Umewaleta watu, Mwalimu, kila mtu ameona. Lakini bodi wanasema walichokiona ni kanisa, na kanisa tunalo."

"Walikuja kwa ajili ya Kilatini."

"Walikuja kwa ajili ya ujana wao."

Vipindi vikaenda kwa uhasibu. Mume wangu akaambiwa atapewa kazi ya kutunza ghala la chakula, nyumba tutaachiwa, na Jumamosi awafundishe wazee nyimbo za Kilatini parokiani. Nimejiuliza mara nyingi kama ni wazee waliomponza. Lakini bila wao ukumbi ungekuwa mtupu, na jibu lingekuwa lile lile. Siwezi kumlaumu mtu.

"Nichukue?" aliniuliza.

"Chukua."

"Ghala la maharage?"

"Watoto wetu wanataka kula, Mwalimu."

Jumamosi ya kwanza nilimsindikiza. Alikuwa ameandaa ubao, anataka aanze na maana ya maneno, moja moja, kama darasani. Jirani yetu akainua mkono.

"Mwalimu, hayo acha. Tukijua maana tutaanza kubishana."

Wakacheka wote. Mume wangu akaufuta ubao. Kisha chaki akaitia mfuko wa shati, akawapa sauti ya kuanzia. Waliimba vizuri, lazima niseme.