Meno Kumi na Tisa

Fundi saa alikuwa ameshafika kileleni alipotambua kwamba hajui atashukaje. Upande huu wa mlima ulikuwa mgeni kwake. Barabara ya lami iliteremka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, maduka bado yamefunga milango yao ya chuma, na chini kabisa, ndogo kama njiti za kiberiti, zilionekana taa za makutano aliyotakiwa kuyavuka kabla ya saa mbili. Karakana ilikuwa imehamia ng'ambo ya mlima wiki iliyopita. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akienda kazini kwa njia tambarare, mwendo wa robo saa, na baiskeli yake haikuwahi kumdai zaidi ya mafuta ya cheni.

Baiskeli yenyewe haikuwa na friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Hakuna kupumzisha miguu mteremkoni. Breki pia haikuwa nayo. Akitaka kusimama huulalia usukani, hukaza mguu wa kulia mbele, na gurudumu la nyuma hukwama likaburuzika. Aliipenda kwa sababu ileile aliyopendea saa: kila jino husukuma jingine, hakuna kinachozunguka bure.

Siku hiyo alishuka roho mkononi. Alifika kwenye benchi lake, akanawa, akavaa kioo cha kukuzia jichoni, akashika kibano. Kibano kikatetemeka.

Mbele yake ilikuwa saa ya mfukoni ya mteja, iliyokosa kitu kimoja tu: springi nyembamba kama unywele, ya kufungwa kwa pini ambayo ikianguka huioni tena. Spea zilikuwa tatu, na nyingine zisingepatikana. Mikono yake, ambayo ilikuwa kama bado imeng'ang'ania usukani, iliikunja ya kwanza ikawa kama uzi uliochezewa na paka.

Mwenye karakana alikuwa binti wa marehemu bosi wake. Fundi saa alimjua tangu akitambaa chini ya mabenchi. Hakumkaripia. Alingoja wengine watoke kwenda kunywa chai, akavuta kigoda.

"Mjomba, mikono imeanza lini?"

"Si mikono, bosi. Ni mlima."

"Mlima siwezi kuuhamisha."

Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mteja angekuja Ijumaa ya wiki inayofuata. Saa ikitembea, benchi ni lake mpaka achoke mwenyewe. Isipotembea, atamhamishia kaunta ya mbele akauze mikanda na betri, mshahara uleule, kiti chenye mto. Hilo la mto alilisema kwa upendo, na ndilo lililomchoma zaidi.

Alijaribu basi siku mbili. Alisimama njia nzima ameshika chuma cha juu hadi vidole vikafa ganzi, akafika akiwa hoi zaidi. Ndipo akaikokota baiskeli hadi kwa Spoku, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli upande wa nyumbani, ambaye jina lake halisi watu walishalisahau. Spoku aliigeuza baiskeli miguu juu, akahesabu meno: mbele arobaini na nane, nyuma kumi na manne.

"Fundi mwenzangu, hii ni gia ya mtu anayekimbizwa na mbwa," alisema. "Wewe nani anakukimbiza?"

Fundi saa akamsimulia habari za mlima, na Spoku akamweleza mambo yalivyo. Meno ya nyuma yakiongezeka, miguu itazunguka upesi zaidi lakini itasukuma kwa wepesi. Kupanda kutakuwa nafuu. Ila wakati wa kushuka miguu itapiga kama cherehani, kwa hiyo lazima afunge breki ya mbele. Kwa mlima ule na umri ule, yeye angeweka meno kumi na tisa.

Fundi saa alipiga hesabu kichwani na kukunja uso. Arobaini na nane kwa kumi na tisa hutoa mbili na nusu na vijisehemu visivyoisha. Alitaka kumi na sita: inaingia mara tatu kamili, haina mkia.

"Unaendesha baiskeli au unaendesha hesabu?" Spoku aliuliza.

"Niwekee kumi na sita, dada. Na breki sitaki. Miguu inatosha."

Spoku alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyeshea nguo za jirani, akafunga kumi na sita.

Kupanda kukawa afadhali. Lakini wasiwasi ulikuwa umeshahamia mwilini. Nyumbani alikuwa akishika kijiko juu ya kikombe kusikiliza kama kitagonga. Mlangoni alihesabu ni mara ngapi ufunguo unakosa tundu. Mkewe alivumilia siku tatu, kisha akamwambia kwamba akiendelea kuikodolea macho mikono hiyo, itaona haya ikatae kazi kabisa.

Jumatano, siku mbili kabla ya mteja kuja, aliteremka kama kawaida yake, akikaza mguu na kuachia, akikaza na kuachia. Karibu na makutano tairi la nyuma lilipasuka kwa mlio wa mlango uliobamizwa. Baiskeli ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikasimama mbele ya mstari mweupe. Basi likapita karibu kiasi kwamba upepo wake uliinua shati lake.

Aliikokota hadi kazini. Angesema ukweli, angeambiwa apumzike. Akakaa, akashika kibano, akaharibu springi ya pili. Ikabaki moja.

Mchana alitoka uani kulitazama tairi. Lilikuwa zima pande zote, isipokuwa mahali pamoja penye ukubwa wa sarafu, mpira umelika hadi nyuzi zinaonekana. Mahali pamoja tu. Akazungusha pedali kwa mkono, mzunguko mmoja, gurudumu likazunguka mara tatu na kurudi palepale. Akarudia. Palepale. Kila alipokaza mguu wa kulia mbele, kipande kilekile cha mpira ndicho kilichosuguliwa na lami, asubuhi na jioni.

Alichuchumaa pale. Hili lilikuwa somo la kwanza alilofundishwa kwenye kazi ya saa, na yeye mwenyewe aliwafundisha wengine: usiache jino moja likutane na lilelile kila mzunguko, tafuta hesabu isiyogawanyika ili kuchakaa kugawanywe kwa wote. Alilijua hilo usingizini. Akalisahau kwa kupendezwa na tatu kamili.

Jioni Spoku alitia kidole kwenye tundu la tairi. Fundi saa akamwomba tairi jipya, meno kumi na tisa, na breki.

"Na mkia wake?"

"Mkia ndio niliokuwa nautafuta," alisema, akiangalia chini.

Ijumaa alipanda ameketi, polepole, akipumua kwa pua. Mteremkoni miguu ilipiga kama cherehani kweli, moyo nao ukaifuata, lakini breki ilishika, na taa zilipokuwa nyekundu alisimama kama watu wengine. Kazini alikaa dakika kumi mikono mapajani. Mwenye karakana alikuwa nyuma ya kioo, akijifanya anasoma barua.

Mikono haikutulia kabisa. Ilitetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena, na safari hii alitambua kwamba ilikuwa na mpangilio wake. Alingoja utulivu wa tatu, akaingiza pini. Gurudumu dogo la saa likayumba upande mmoja, likarudi, likaendelea.

Binti alisikia kabla hajaambiwa. "Mjomba, imeamka?"

"Imeamka."

"Sasa kile kiti chenye mto nimpe nani?"

"Kikalie wewe, bosi. Umesimama tangu asubuhi."

Jioni, mteja alipokwisha kuchukua saa yake, binti alisimama mlangoni na kumtazama fundi akianza kuupanda mlima. Alienda taratibu, miguu ikizunguka bila kukoma. Nusu ya njia aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, akautandaza vidole, akautazama kidogo, akaurudisha haraka.