Kigoda Mlangoni pa Jiko

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa moshi wa kuni mbichi. Soko huria lilikuwa limeingia, na mvua ya Tukuyu unaijua, haina adabu. Nilifuatana na shangazi hadi Mpuguso kumtazama dada yangu Tusekile, aliyeolewa huko.

Baba mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kigoda upenuni mwa jiko, mbele ya mlango, akibishana na wageni kuhusu wanunuzi wapya wa ndizi. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Basi Tusekile alikuwa ndani tangu asubuhi, mlango umefungwa. Tulimkuta anahema kama aliyepanda Mlima Rungwe, midomo imegeuka rangi, miguu imevimba. Mawifi walimwita mvivu.

Shangazi alitoka akasimama mbele ya mzee.

"Heshima gani hii ya kumbanika mtoto wa mtu kama samaki?"

"Ni mila, mama. Mimi sikumfungia."

"Hukumfungia. Umekaa mlangoni."

Wageni waliinamisha vichwa. Mzee hakusogea hata shubiri.

Tulimpeleka hospitali wenyewe. Daktari alisema kuta za mishipa ya damu mapafuni zimenenepa, moyo umechoka kusukuma, na tumechelewa. Tulimzika kabla masika hayajaisha. Matangani mzee yuleyule akasema ni kazi ya Mungu. Hasira hiyo sijaitua.

Juzi binti yangu, ambaye ni daktari, alinieleza kwamba ndani ya chembe za mwili mna vitu vidogo mno, maikroRNA. Baadhi yake huizuia misuli laini ya mishipa ya mapafu isikue ovyo, nyingine huichochea. Moshi na upungufu wa hewa vyaweza kuvuruga mizani hiyo. Misuli ikajaa, njia ya damu ikawa finyu. Hawezi kuapa kwamba ndiyo yaliyompata Tusekile. Akaniambia kwa upole, "Mama, msingeweza kujua."

Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende. Vitu hivyo hatukuvijua. Lakini kuhema kwake tulikusikia.

Kwa hiyo, mwanangu, toboa dirisha jikoni kabla hujapaka rangi sebule. Anayehema usimwite mvivu. Mpeleke hospitali mapema. Na mila zetu zishike, lakini ukiwa mkubwa wa nyumba, uwe wewe wa kusogeza kigoda. Mila haifi kwa hatua mbili.

Mungu akujalie pumzi ndefu, na wapishi wako watoke jikoni wakiimba.