Tulivyofunga Barabara ya Elburgon

Hii aibu ningezikwa nayo, lakini dadangu Nyokabi ameshaisimulia nusu ya Nakuru, tena anaongeza chumvi, kwa hivyo heri mnisikie mimi mwenyewe.

Mimi ndiye kifungua mimba. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili nikamlea Nyokabi, na alipoitwa chuo kikuu kule Njoro nikaona sitampeleka kama gunia la viazi. Bosi wangu ana gari la kulala, van kuukuu yenye kitanda, jiko na mapazia, ambayo mimi huendeshea wageni wake, nikamwomba wiki moja akanipa. Tukazunguka Baringo, Bomet, Olenguruone, tukilala pale tulipochokea, na siku ya mwisho ya usajili ndiyo tukawa tunateremka kutoka Molo, godoro lake jipya likiwa nyuma (najua, siku ya mwisho, msinianze). Mlango ulikuwa unafungwa saa kumi na moja jioni. Ukichelewa, nafasi imeenda.

Saa saba, katikati ya msitu, mara tu baada ya kona, mkanda wa feni ukakatika na mvuke ukapanda kama chungu cha githeri.

Hapa kwetu kila mtu anajua, gari likikufia barabarani na huna ile alama ya pembetatu, unakata matawi unaweka mbele na nyuma ili wenzako wapunguze mwendo. Matawi matatu yanatosha. Lakini mimi niliogopa ile kona, niliogopa lori litugonge Nyokabi akiwa na barua yake ya chuo mkononi, kwa hivyo nikakata, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka nikajaza karibu barabara nzima pande zote mbili. Kisha, badala ya kusimama pale kando, nikaingia ndani ya gari. Niliona haya, kwa sababu mwanamke akisimama na gari bovu kila dereva ana la kusema. Nikampigia fundi wa Elburgon, akasema dakika ishirini.

Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Hakuna gari, hakuna hata bodaboda.

"Shiru, mbona kumenyamaza hivi?" Nyokabi akauliza.

Simu ikalia. Ni fundi. "Madam, siwezi fika. Kuna maandamano hapo kwa kona, wamefunga barabara na matawi. Watu wanasema wameona moshi. Magari yote yanarudi."

"Kona gani?"

"Hapo tu kwa msitu. Na msitoke kwa gari."

Sasa nisikilizeni akili zangu. Nilitoka mbio, nikavunja vitawi vibichi, nikachomeka kwenye kioo cha mbele na kwenye vioo vya pembeni, ili waandamanaji wakitufikia waone tuko upande wao. Nikavuta mapazia, tukalala chini kati ya kitanda na jiko, mimi nimeshika sufuria.

"Saa tisa na nusu," Nyokabi akanong'ona. Baadaye kidogo, "Saa kumi kasoro."

Nilifungua mlango mara mbili nikitaka tukate msitu kwa miguu, godoro kichwani, na mara mbili nikaufunga. Miaka yote hiyo ya kuuza maziwa na kuosha magari ya watu, halafu mtoto akose chuo akiwa amelala karibu na mtungi wa gesi.

Tukasikia lori, kisha buti. "Fungueni."

Alikuwa polisi mwenye kofia ngumu, wenzake nyuma yake, na nyuma yao kundi la madereva waliokuja kwa miguu kuona.

"Kiongozi wenu ni nani?"

"Wa wapi, afande?"

"Wa haya maandamano."

"Afande, hata sisi tumejificha. Wako hapo mbele."

Akaangalia matawi barabarani, akaangalia vitawi kwenye kioo, akaangalia sufuria. "Mbele nimetoka, na nyuma tumeangalia. Ni nyinyi tu."

Nikamweleza habari ya mkanda uliokatika, na dereva mmoja wa lori akasema, "Yaani mathe, kabichi zangu zinachemka huko nyuma masaa mawili juu ya mkanda wa feni?"

"Wachana nao," mwingine akajibu. "Wanadai haki ya fundi."

Walicheka mpaka polisi wakacheka. Mimi nikasema, "Afande, nishike mimi, sina neno. Lakini huyu afike Njoro kabla ya saa kumi na moja."

Akasoma barua ya Nyokabi, akatazama saa yake. "Panda lori. Beba godoro lako." Kisha akanigeukia. "Wewe bakia. Utoe majani yote, moja moja."

Nikayatoa, na kila gari lililopita lilipiga honi, abiria wakinyanyua ngumi dirishani, "Haki yetu, mathe."

Simu ililia saa kumi na moja na dakika tano.

"Nimeandikishwa," Nyokabi akasema. "Lakini Shiru, nimeshushwa na lori la polisi. Mwenzangu wa chumba ananiita bosi."

Nikakaa kwenye nyasi nikalia, na fundi, ambaye alikuwa amefika na mkanda shingoni, akanisubiri nimalize.

Siku hizi gari likinifia njiani sijifichi. Nasimama nje, mvua au jua, wanione, waniulize, wanicheke wakitaka. Madereva wana maneno lakini si wabaya, na kama ningekubali wanicheke dakika tano siku ile, kuna mmoja angetuletea mkanda kabla ya saa nane.